UZI: José Luis Mendilibar, kocha wa viwanja vidogo aliyebeba makombe mawili ya Ulaya ndani ya siku 364

Beki wa Kati (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila klabu zetu zinapotangaza kocha kutoka Hispania, swali la kwanza ni lile lile: kafundisha wapi? Likitajwa jina la timu ya daraja la tatu, tayari tumeshamhukumu kabla hajakanyaga uwanja wa mazoezi. Nimeona niandike habari za José Luis Mendilibar, kwa sababu huyu aliishi huko chini miaka mingi ya maisha yake ya mpira, na mpira aliojifunza huko ndio alioubeba mpaka kwenye fainali mbili. Hakuubadilisha njiani. Hilo ndilo ninalotaka tulijadili.

Alizaliwa mwaka 1961 Zaldibar, mji mdogo wa Bizkaia katika Nchi ya Basque, kaskazini mwa Hispania. Alikuwa kiungo. Alipita timu ya pili ya Athletic Bilbao, lakini ile ya wakubwa hakuichezea hata mechi moja. Akaenda Logroñés, kisha Sestao, mji wa tanuru za chuma kandokando ya mto Nervión, ambako uwanja ulikuwa wa tope na mashabiki walikuwa wanatoka zamu kiwandani. Akamalizia Lemona. Mwaka 1994 akaanza kufundisha timu inayoitwa Arratia. Kisha vijana wa Athletic, kisha Basconia ambayo ni timu ya kukuzia vijana wa Athletic, kisha Bilbao Athletic, ile ile timu ya pili. Miaka mingi ya kufundisha watu wasiojulikana.

Mwaka 2002 akavuka bahari kwenda kisiwa cha Lanzarote, Visiwa vya Canary. Timu ilikuwa Segunda B. Msimu wake wa pili akaifikisha kwenye mchujo wa kupanda daraja. Haikupanda.

Naendelea.

Winga Teleza

Mkuu, kabla hujaendelea, hiyo Segunda B ni daraja la pili au la tatu? Maana jina linachanganya.

Beki wa Kati

La tatu. Ngoja nilieleze vizuri, maana bila hili huwezi kumwelewa mtu huyu.

Juu kuna Primera, ndiyo La Liga, yenye timu 20. Chini yake Segunda yenye timu 22. Kisha, mpaka mwaka 2021, ilikuwepo Segunda B: kwa kawaida timu 80, makundi 4 ya timu 20 kila moja. Katika hizo 80 zilipanda 4 tu kwa msimu, na kwa miaka mingi hata kinara wa kundi alilazimika kuingia kwenye mchujo. Yaani unaongoza kundi kuanzia Agosti hadi Mei, halafu mwezi Juni siku moja mbaya inafuta yote. Kocha angeweza kufanya kazi nzuri misimu 3 na kwenye karatasi isionekane kitu. Baada ya 2021 wamepanga upya: kuna Primera Federación yenye timu 40 kwa makundi 2, kinara wa kila kundi anapanda moja kwa moja na nafasi 2 zinazobaki ndizo za mchujo. Chini yake Segunda Federación yenye makundi 5, kisha Tercera Federación yenye makundi 18.

Kwa hiyo mtu akikuambia kocha fulani "hakuwahi kupandisha timu" kutoka Segunda B ya zamani, mwulize kwanza alimaliza nafasi ya ngapi.

Dada wa Ilala

Hapo umenifungua macho. Endelea kaka, nafuatilia.

Beki wa Kati

Majira ya joto ya 2004 akapewa Eibar, Segunda. Wengi tunaijua Eibar ya La Liga, lakini wakati ule ilikuwa haijawahi kufika huko kabisa. Mji wenyewe uko bondeni, watu wake hawafiki 30,000, na ulijengwa na karakana: bunduki, baiskeli, vyerehani. Ndiyo maana timu inaitwa *Armeros*, mafundi wa silaha. Mendilibar akaletewa kwa mkopo kijana wa miaka 18 kutoka Valencia, mwembamba, mfupi, ambaye watu walidhani ataonewa kwenye daraja lile la vigongo. Akampanga wiki baada ya wiki. Kijana huyo ni David Silva. Eibar ikamaliza ya 4, na zilizopanda zilikuwa 3.

Kazi hiyo ndiyo iliyompa ndoto ya kila kocha wa Bizkaia: Athletic Bilbao, 2005, kuchukua nafasi ya Ernesto Valverde. Alipewa mechi 9 za ligi. Mwisho wa Oktoba timu ikiburuza mkia akatimuliwa.

Hapa ndipo makocha wengi wa aina yake hupotea moja kwa moja. Umetoka chini, umepata nafasi kubwa nyumbani kwenu, umeshindwa mbele ya ndugu na majirani. Nani atakuchukua tena? Aliyemchukua ni Real Valladolid, iliyokuwa Segunda na haina fedha ya kutamba nayo. Msimu wa 2006/07 timu ile ilicheza mechi 29 za ligi bila kupoteza. Ikapanda Aprili 2007 ikiwa imebakiza mechi 8. Nane! Ikamaliza bingwa kwa pointi 88. Kikosi kile hakikuwa na nyota hata mmoja wa kuuza jezi. Kilikuwa na watu waliojua kila mmoja asimame wapi mpira ukipotea.

Na wekeni akilini jina la timu iliyomaliza ya 2 msimu ule: Almería, chini ya kijana aliyeitwa Unai Emery, naye Mbaski, naye alianzia daraja la tatu akiwa na Lorca. Tutakutana naye tena.

Nakuru Mjini

Valladolid ya Joseba Llorente! Januari 2008, La Liga, walianzisha mpira dhidi ya Espanyol na ndani ya sekunde 8 bao limeingia. Sikujua kama kocha alikuwa huyu. Ila aliwahi kufukuzwa huko pia, ama?

Beki wa Kati

Ndiyo, Februari 2010, baada ya kuiweka timu La Liga misimu miwili kamili. Mwaka mmoja baadaye, Februari 2011, Osasuna wakamwita kuzima moto. Akauzima, na msimu uliofuata timu ikamaliza ya 7. Septemba 2013 wakamtoa baada ya mechi 3 tu. Levante 2014 sitakaa sana: alianza msimu, hakufika Novemba.

Sasa Eibar ya pili. Hapa nitakaa.

Katika miaka hiyo hiyo, Eibar ilipanda mara mbili mfululizo, 2013 na 2014, ikatoka Segunda B hadi Primera. Kocha aliyeifanya hivyo ni Gaizka Garitano, ambaye msimu ule wa 2004/05 alikuwa kiungo wa Mendilibar pale pale Eibar. Klabu haikuwa na deni, lakini sheria ya Hispania ilitaka iongeze mtaji kwa zaidi ya euro milioni 1.7, la sivyo ingeshushwa licha ya kupanda kwa jasho lake. Wakauza hisa ndogondogo kwa mashabiki wa dunia nzima na zikanunuliwa. Msimu wa kwanza wa La Liga wakamaliza nafasi ya 18, ya kushuka. Wakabaki kwa sababu Elche ilishushwa kwa matatizo ya fedha. Garitano akaachia ngazi. Juni 2015 Mendilibar akarudi.

Alikaa misimu 6. Nafasi zake ni hizi kwa mfuatano: 14, 10, 9, 12, 14, na mwisho 20. Mitano ya kwanza aliibakiza klabu ile La Liga bila kuitegemea mahakama wala huruma ya mtu, kwenye uwanja wa Ipurua unaoingiza watu kama 8,000, mbele ya maghorofa ambayo watu wanatazama mechi wakiwa kwenye vibaraza vyao. Novemba 2018 aliifunga Real Madrid 3-0 pale.

Mtoto wa Nyavu

Mkuu nakuheshimu, lakini tusidanganyane. Mpira wa Mendilibar ni butua butua. Krosi, krosi, kichwa. Nimeangalia Eibar sana enzi zile, hakuna kitu cha kufundisha pale.

Beki wa Kati

Hapana, na hapa nitakupinga kwa nguvu zote, maana ndilo kosa linalofanywa kila siku juu yake.

Butua butua ni timu inayokaa nyuma kwa woga na kuupiga mpira ili upumue. Eibar ilifanya kinyume. Mabeki wake wa kati walisimama karibu na mstari wa katikati hata walipocheza na Barcelona. Kipa alisimama mbali na goli lake. Mshambuliaji na mawinga walikimbilia beki mwenye mpira kabla hajainua kichwa. Uwanja mzima ulibanwa ukawa kama nusu, na mechi ikachezwa kwenye nusu ya mpinzani. Pasi ndefu ilipopigwa kwa mshambuliaji, viungo walikuwa tayari wako hatua chache kutoka kwake kuokota mpira wa pili, ule unaodondoka baada ya kugombewa. Ukiupoteza, unaupoteza mbali na goli lako na unaanza kukaba papo hapo.

Hilo linahitaji watu 10 kusogea pamoja. Mmoja akizubaa, mpira mmoja wa juu ya mabeki unakumaliza, na kuna siku ulimmaliza kweli. Lakini mtazame nani alipita kwenye mikono yake pale: Marc Cucurella alikuja kwa mkopo 2018, akiwa mtoto tu, akatoka mchezaji. Takashi Inui, Joan Jordán, Bryan Gil. Na mshambuliaji kama Kike García, ambaye hakuna klabu kubwa iliyomtaka, akawa mwiba kwa mabeki wa La Liga. Kwa bajeti ile, kukaa nyuma na kuomba Mungu ndilo jambo rahisi. Yeye alikataa kwa miaka 6.

Mtoto wa Nyavu

Sawa, hoja ya mabeki kusimama juu nimeikubali. Lakini 2021 alishuka.

Beki wa Kati

Alishuka, ndiyo, wa mwisho kabisa. Akaondoka. Desemba 2021 Alavés wakamchukua ili awaokoe, Aprili 2022 wakamtimua. Sasa mfikirie mtu wa miaka 61, kazi mbili za mwisho zimekwisha vibaya, hana timu kwa karibu mwaka mzima. Kwa vigezo vyetu vya wasifu, huyo amekwisha.

Machi 21, 2023 Sevilla wakampigia. Walikuwa wamemtimua Julen Lopetegui, wamemtimua Jorge Sampaoli, timu iko ya 14, pointi 2 tu juu ya shimo la kushuka. Mkataba wa mpaka mwisho wa msimu, basi. Kazi yenyewe: tuokoe. Ligi ya Europa ilikuwa ni nyongeza, na robo fainali ilikuwa dhidi ya Manchester United.

Kilichofuata kinajulikana, lakini nipeni nafasi niseme alichofanya. Sampaoli alikuwa anabadilisha mfumo na nafasi za watu kila mara. Mendilibar akarudisha kila mtu kwenye nafasi yake: mabeki 4, winga akae pembeni, Jesús Navas apande, Youssef En-Nesyri asimame kwenye boksi na mipira imfuate. Ni Eibar, ila sasa yenye wachezaji ghali. Old Trafford walikuwa nyuma 2-0 mpaka dakika ya 84, wakatoka 2-2. Marudiano Seville 3-0, En-Nesyri mawili. Juventus 1-1 Turin, kisha 2-1 nyumbani baada ya muda wa nyongeza, kichwa cha Erik Lamela. Mei 31 Budapest, Roma ya José Mourinho, mtu ambaye hakuwa amepoteza fainali hata moja ya Ulaya kati ya 5. Sare 1-1, matuta 4-1, Bono kipa wa Morocco akifanya yake. Kombe la 7 la Sevilla, na la kwanza kubwa kwa Mendilibar, akiwa na miaka 62.

Mimi usiku ule niliwashangilia kama timu yangu mwenyewe, na Sevilla siyo timu yangu.

Dada wa Ilala

Na wakamfukuza Oktoba hiyo hiyo! Hata miezi 5 haijapita tangu fainali. Hili liliniuma sana.

Beki wa Kati

Oktoba 8, dada. Ila kabla ya hapo kuna mechi moja niiweke hapa. Agosti 16, 2023, UEFA Super Cup, mechi ya bingwa wa Ligi ya Europa na wa Ligi ya Mabingwa: Sevilla na Manchester City. Sare 1-1, City wakashinda kwa matuta 5-4. Mechi ilichezwa uwanja wa Karaiskakis, Piraeus, Ugiriki. Nyumbani kwa Olympiacos.

Februari 2024 Olympiacos walikuwa na msimu wa vurugu. Wameanza na Diego Martínez, wakamtoa, wakaleta Carlos Carvalhal, wakamtoa pia. Wakamchukua Mendilibar, kocha wao wa 3 msimu mmoja. Akaingia uwanja ule ule na kukalia benchi la wenyeji.

Conference League, kombe la tatu kwa ngazi la klabu za Ulaya: Ferencváros 1-0 nyumbani na ugenini. Kisha Maccabi Tel Aviv wakaja Piraeus wakashinda 4-1. Hapo kila mtu alifunga kitabu. Marudiano yalichezwa Serbia, Olympiacos wakashinda 6-1 baada ya muda wa nyongeza. Fenerbahçe wakatolewa kwa matuta. Nusu fainali, Aston Villa ya nani? Unai Emery. Wale wawili wa Valladolid na Almería, miaka 17 baadaye. Olympiacos 4-2 kule Birmingham, 2-0 nyumbani. Ayoub El Kaabi, Mmorocco mwingine, alifunga 5 katika hizo mechi 2.

Fainali Mei 29 dhidi ya Fiorentina, jijini Athens, kwenye uwanja wa AEK, mahasimu wao. Dakika ya 116 El Kaabi akaingiza kwa kichwa. 1-0. Hakuna klabu ya Ugiriki iliyokuwa imewahi kubeba kombe la Ulaya kabla ya usiku huo. Msimu uliofuata, 2024/25, akabeba ligi na kombe la Ugiriki pamoja, akiwapa nafasi vijana kama Charalampos Kostoulas na Christos Mouzakitis.

Msimbazi Damu

Uzi mzuri sana mkuu. Mimi nimemkumbuka Pablo Franco Martín alipokuja Simba Novemba 2021. Watu waliona Getafe na benchi la kocha Santiago Solari pale Real Madrid kwenye wasifu wake wakashangilia hilo tu. Akatufikisha robo fainali ya Kombe la Shirikisho, tukatolewa na Orlando Pirates kwa matuta, na Mei 2022 safari ikaisha. Sijui kama tulimpima kwa mpira wake au kwa jina la Madrid.

Beki wa Kati

Hilo ndilo swali lenyewe. Na kumbuka ile 3-0 ya Ipurua niliyoitaja: Real Madrid iliyofungwa siku ile ni ya huyo huyo Solari. Jina la klabu kwenye wasifu halikukuambia nani anajua kazi siku hiyo.

Wakati mwingine najiuliza, klabu zetu zingepewa faili la Mendilibar mwezi Machi 2023: ametimuliwa Athletic, Valladolid, Osasuna, Levante, Alavés, ameshusha Eibar. Nani angelisoma mpaka ukurasa wa pili? Ningependa siku ya usaili kocha aulizwe mabeki wake wanasimama wapi timu ikiwa na mpira, nani anamkaba beki wa kati wa mpinzani, na amewahi kumkuza mchezaji gani kutoka sifuri.

Mzee wa Goma

Habari za jioni wandugu. Niongeze Mhispania mwingine aliyetuumiza sisi Wakongo: Juan Carlos Garrido. Mwaka 2018 Raja yake ya Casablanca iliifunga AS Vita Club 3-0 fainali ya Kombe la Shirikisho. Kinshasa tulishinda 3-1 lakini haikutosha. Huyo naye alitokea chini?

Beki wa Kati

Ndiyo mzee wangu, shikamoo. Garrido alikuwa na Villarreal B, timu ya pili, akaipandisha Segunda mwaka 2009. Halafu akapewa timu kubwa na kuifikisha nusu fainali ya Ligi ya Europa 2011, ikatolewa na Porto. Kabla ya Raja alikuwa ameshabeba Kombe la Shirikisho na Al Ahly 2014.

Winga Teleza

Mkuu, tupe wengine basi wa kuwafuatilia, waliotokea madaraja hayo.

Beki wa Kati

Míchel Sánchez kwanza. Aliipandisha Rayo Vallecano 2018, Huesca 2020, Girona 2022. Timu 3, kupanda mara 3. Msimu wa 2023/24 Girona ikamaliza ya 3 La Liga na kuingia Ligi ya Mabingwa.

Wa pili ni Asier Garitano, msimchanganye na Gaizka wa Eibar, ni jina la ukoo tu. Alichukua Leganés ikiwa Segunda B, akaipandisha 2014, akaipandisha tena 2016 hadi La Liga ambako haikuwahi kufika tangu ianzishwe. Januari 2018, robo fainali ya Kombe la Mfalme, walifungwa 1-0 nyumbani na Real Madrid. Wakaenda Santiago Bernabéu wakashinda 2-1 na kufuzu kwa bao la ugenini. Itafuteni mechi hiyo muitazame nzima, hasa jinsi mabeki wake wa pembeni wanavyosimama.